Umahiri na Mbwembwe: Gitaa la Kisa na Swali la Sarakasi katika Sanaa za Maonyesho

Utangulizi

Neno sarakasi limepata bahati mbaya katika matumizi ya Kiswahili. Lilitoholewa kutoka Kiingereza ili kuutaja mchezo wa viungo na wepesi: vijana wanaopandana mabegani hadi wakafanya mnara, anayetembea juu ya kamba, anayepenya katika duara la moto. Lakini gazeti la Kenya linapoandika juu ya sarakasi za kisiasa, halikusudii kuusifu wepesi wa mtu yeyote. Linakusudia kusema kuwa pana kelele nyingi na tija ndogo. Vivyo hivyo, mhakiki anayesema kuwa mshairi fulani anafanya sarakasi za vina huwa amekwisha kutoa hukumu kabla ya kutaja ushahidi. Ufundi unaoonekana mno hushukiwa. Hudhaniwa kuwa unaficha kasoro fulani, ama ufinyu wa fikra, ama ukavu wa moyo.

Makala haya yanaichunguza shaka hiyo kwa kuangalia mfano ambao uhakiki wa fasihi ya Kiswahili haujaupa nafasi unayostahili: nyimbo za gitaa za George Mukabi (1930–1963), mwana wa Kisa katika Khwisero, magharibi mwa Kenya, na mtindo wa omutibo unaohusishwa na jina lake. Hoja inayotetewa ni kuwa umahiri wa ala katika utamaduni huu unaeleweka vyema zaidi ukitazamwa kama jawabu la mzigo wa kazi. Mpiga gitaa mmoja alibeba majukumu ambayo katika ngoma yaligawanywa kwa watu wengi. Ikiwa ndivyo, basi kipimo cha mbwembwe hakiwezi kuwa wingi wa ufundi. Kipimo ni kujua ufundi huo unamtumikia nani. Ili hoja hiyo isimame, yafaa kwanza kuitazama sarakasi yenyewe, kwa kuwa ndiyo iliyotoa jina la lawama.

Mwanamuziki ndani ya sarakasi

Wanaoitumia sarakasi kama tusi husahau kuwa ndani ya hema lake umahiri wa muziki ulikuwa na sheria kali. Merle Evans aliongoza bendi ya sarakasi kubwa ya Marekani, Ringling Bros. and Barnum & Bailey, kuanzia 1919 hadi 1969. Alikuwa akipuliza tarumbeta kwa mkono mmoja na kuongoza wenzake kwa mkono mwingine, macho yake yakiwa kwa wachezaji na wanyama. Farasi akichelewa, muziki ulichelewa. Mrukaji akiteleza, bendi ilibadili wimbo papo hapo. Ufundi huo ulikuwa mkubwa mno, lakini watazamaji hawakupaswa kuutambua. Walikuja kumwona mrukaji.

Tarehe 6 Julai 1944 hema la sarakasi hiyo lilishika moto katika mji wa Hartford, na watu zaidi ya 160 wakafa. Evans alipouona moto aliamuru upigwe wimbo wa gwaride ambao kwa desturi ya sarakasi ulikuwa ishara ya hatari, na bendi yake ikaendelea kuupiga ili wafanyakazi waelewe na watu watoke. Hapo umahiri ulikuwa umefikia kilele cha utumishi wake: sauti ileile iliyozoeleka kuwa ya burudani ikawa amri ya kuokoa maisha.

Mfano wa pili ni wa mchekeshaji Mswisi aliyejulikana kwa jina la Grock (1880–1959). Huyu alikuwa na uwezo wa kupiga ala nyingi, lakini jukwaani alijifanya mjinga. Kiti kikiwa mbali na piano, hakukisogeza kiti. Alijitwisha kazi ya kuisukuma piano nzima hadi ikifikie kiti. Watu walicheka, kisha mtu huyo huyo aliyeonekana hajui lolote akaanza kupiga, na kicheko kikageuka kuwa mshangao. Grock aliuficha umahiri wake ndani ya kosa ili hadhira isimwonee wivu wala kumwogopa.

Tofauti na hao wawili yuko Niccolò Paganini (1782–1840), mpiga fidla wa Italia aliyeweza kupiga kipande kizima kwa uzi mmoja. Yeye hakujificha. Uvumi ulienea Ulaya kuwa ameuza roho kwa shetani. Uvumi huo ni hukumu ya kimaadili iliyovaa joho la ngano: mwanadamu akionyesha uwezo uliopita kiasi, jamii hutafuta mkono mwingine uliomsaidia. Hivyo basi, kuna angalau aina tatu za umahiri: unaojificha nyuma ya kazi ya mwingine, unaojificha ndani ya mzaha, na unaojitangaza. Lawama ya sarakasi huelekezwa kwa aina ya tatu tu, ingawa lugha yake huzikumba zote.

Kisa na jirani zake

Khwisero iko kusini-magharibi mwa Kaunti ya Kakamega. Ndiyo nchi ya Abakisa, na hata leo wadi zake nne hubeba jina hilo: Kisa ya Kaskazini, ya Mashariki, ya Magharibi na ya Kati. Inapakana na Marama upande wa Butere na Bunyore upande wa Vihiga, wala haiko mbali na Idakho na Isukha, ambako ngoma ya isukuti ndiyo alama ya jamii.

Isukuti, au sukuti kama inavyoitwa mara nyingi, huchezwa kwa ngoma tatu za ukubwa tofauti, pamoja na pembe na vyuma vya kugonga. Kiongozi huanzisha wimbo na wengine humwitikia. Huchezwa katika kuzaliwa, jandoni, harusini, matangani, na pale mafahali wanaposindikizwa uwanjani kupigana. Ngoma moja haijitoshelezi. Ile kubwa hutoa msingi, ndogo hujibu na kuchokoza, ya kati huzifunga pamoja, na sauti ya kiongozi husafiri juu ya zote. Anayepiga kwa ustadi husifiwa, lakini sifa yake haiwezi kutenganishwa na kazi ya ngoma katika tukio lenyewe. Sukuti isiyowainua wachezaji imeshindwa hata kama mikono ya mpigaji ni myepesi kuliko ya wote.

Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika Fasihi na Sanaa za Maonyesho (1976), walieleza kuwa sanaa ya maonyesho huhitaji mambo manne: dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja wa kutendea na watazamaji. Katika sukuti mambo hayo yamefungamana kiasi kwamba mtazamaji wa sasa huweza kuwa mtendaji baada ya dakika moja. Mbwembwe hapo ni mali ya uwanja mzima. Mchezaji anayetikisa mabega, mpiga pembe anayejitokeza mbele, mwanamke anayepiga vigelegele, wote wanaruhusiwa kujionyesha kwa kuwa kujionyesha kwao kunaongeza joto la wengine.

Mtu mmoja, kazi ya wengi

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia gitaa lilienea Afrika ya Mashariki kwa kasi. Lilibebwa na askari waliorudi, na vibarua wa reli na wa mashamba, na sahani za santuri. Miongoni mwa sauti zilizovuma ni ya Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mjini Jadotville, sasa Likasi, mwaka 1952. Kipande chake kiitwacho Masanga kiliwashangaza wasikilizaji wa mbali na wa karibu, kwa maana vidole vya mtu mmoja vilisikika kama vya watu wawili. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda alifika Nairobi, ambako kipaji chake kilitumiwa pia kutangazia dawa ya maumivu redioni. Umahiri ulikuwa umekwisha kugundua soko.

Mukabi alichukua njia yake. Katika omutibo kidole gumba hushika besi bila kulegea na kidole cha shahada hupiga nyuzi za juu. Pembeni chupa ya Fanta yenye migongo hukwaruzwa na kugongwa kwa chuma, ikishika mahali pa kigongo cha ngoma. Wachunguzi kadhaa wameuhusisha mdundo huo na sukuti. Uhusiano huo ukikubaliwa, unaeleza jambo kubwa kuliko asili ya mdundo. Unaeleza mgawanyo wa kazi. Gumba limepewa wajibu wa ngoma kubwa. Shahada imepewa wajibu wa ngoma ndogo, ile inayojibu na kuchokoza. Chupa imekuwa chuma. Sauti ya mwimbaji imebaki mahali pake pa zamani, juu ya yote, ikiongoza.

Kwa mtazamo huu, wepesi wa vidole vya Mukabi haukuwa anasa. Kibarua aliye mbali na kwao, katika chumba cha kupanga mjini au kambini, hana ngoma tatu wala watu wa kuzipiga. Ana mikono miwili, gitaa, na rafiki mwenye chupa. Iwapo anataka uwanja wa nyumbani usikike, hana budi kuugawa mkono wake. Kile ambacho mgeni hukiita ufundi wa ajabu ni upungufu wa watu uliozibwa kwa vidole.

Aidha, si jambo dogo kuwa sehemu muhimu ya nyimbo hizo iliimbwa kwa Kiswahili. Mwimbaji angeweza kubaki ndani ya Olushisa, lugha ya Abakisa, na aghalabu waimbaji wa eneo hili waliimba kwa lugha zao pia. Kiswahili kilimfungulia hadhira ya Nairobi, ya Mombasa na ya kila mahali sahani ilipofika. Lakini kilimtwisha mzigo wa ziada, kwani hadhira hiyo mpya haikuweza kutegemewa kuitikia kwa mazoea ya kijijini. Ilibidi neno lisikike. Katika Sengula Nakupenda, wimbo wake mashuhuri, anwani yenyewe tayari ni usemi: mtu anaitwa kwa jina na kuambiwa jambo. Gitaa linaweza kuzunguka litakavyo, lakini haliruhusiwi kumziba anayeitwa asisikie. Nafasi ya madoido ni pale sauti inapopumzika.

Hukumu tatu

Nyimbo za aina hii zimepokewa kwa hukumu tatu zinazofaa kutofautishwa.

Ya kwanza ni ya maadili. Magharibi mwa Kenya ni nchi iliyofikiwa mapema na misheni: Waquaker walifika Kaimosi mwaka 1902, na Wanglikana wakaanzisha vituo vya Maseno mwaka 1906 na Butere mwaka 1912. Ngoma ilitazamwa na wamisionari wengi kwa wasiwasi, na gitaa lilipokuja lilirithi wasiwasi huo pamoja na mpya wake, yaani kilabu cha pombe na maisha ya mjini. Mpiga gitaa hodari alihesabiwa kuwa mtu asiyetulia. Hukumu hii haikuuliza kama anapiga vizuri. Kupiga vizuri kuliongeza kosa, kwa maana ndiko kulikowavuta vijana.

Ya pili ni ya wachunguzi wa muziki. David Rycroft alichapisha mwaka 1961 na 1962 uchambuzi wa gitaa la Mwenda Jean Bosco, akiandika sauti moja baada ya nyingine. John Low, ambaye mwenyewe ni mpiga gitaa, alisafiri kujifunza kwa mafundi wa Kenya na wa Shaba, na mwaka 1982 akachapisha matokeo ya kazi hiyo. Bila juhudi kama hizi mengi yangepotea. Hata hivyo, jicho lao lilielekea vidoleni. Msomaji anajua gumba lilikwenda wapi, lakini hajui vya kutosha kwa nini lilinyamaza kabla ya neno fulani.

Ya tatu ni ya fasihi, nayo ndiyo inayohusu zaidi wasomaji wa jarida hili. Ushairi wa Kiswahili una historia ndefu ya kuubishania ufundi. Amri Abedi aliziweka sheria za utunzi katika kitabu chake cha mwaka 1954. Kahigi na Mulokozi katika Mashairi ya Kisasa (1973) na Kezilahabi katika Kichomi (1974) walionyesha kuwa shairi linaweza kuwa na uzito bila vina na mizani. Mabishano yaliyofuata yalikuwa, kwa kiasi kikubwa, mabishano kuhusu mbwembwe: je, mtunzi anayetimiza kina cha kati na cha mwisho bila kukosea amefikiri, au amecheza tu? Ibrahim Noor Shariff katika Tungo Zetu (1988) alisaidia kukumbusha kuwa tungo nyingi ziliundwa ziimbwe, na kuwa kanuni za kimaandishi hazitoshi kuzieleza.

Ajabu ni kwamba mabishano hayo yaliyohusu kina na mizani kwa ukali namna hiyo hayakufika kwenye gitaa, ambako swali lilelile lilikuwa likijibiwa kila siku. Nyimbo za gitaa ziliwekwa katika fungu la burudani. Zinapoguswa, maneno yake huandikwa karatasini na kusomwa kama shairi fupi, na kwa kipimo hicho huonekana maskini: mistari michache, marudio mengi. Lakini marudio hayo ni nusu ya mazungumzo ambayo nusu yake nyingine imeachwa katika nyuzi. Mstari ukirudiwa mara ya tatu juu ya jibu tofauti la gitaa, haujarudiwa. Umesemwa mahali pengine.

Inaonekana, basi, kuwa mwanamaadili aliusikia umahiri na kuuogopa, mwanamuziki akauchambua bila neno, na mhakiki wa fasihi akalichambua neno bila umahiri. Hakuna kati yao aliyekosea katika alichokiona. Ila mfano wa Kisa unadai wasomwe pamoja.

Uwanja unapohama

Swali la mbwembwe hubadilika uwanja unapobadilika, na katika historia ya Kenya mabadiliko haya yanaonekana wazi. Bomas of Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1971 nje kidogo ya Nairobi, iliziweka ngoma za jamii mbalimbali katika ratiba moja mbele ya watalii na wanafunzi. Isukuti ilipata nafasi humo. Wanasarakasi walipata nafasi katika ratiba hiyohiyo. Hapo muziki wa Kakamega na sarakasi vilikutana kihalisi, wala si kwa sitiari. Mtazamaji alikaa kitini, akatazama, akapiga makofi. Lile sharti la nne la Muhando na Balisidya lilibaki, lakini mtazamaji hakuweza tena kugeuka mtendaji. Mbwembwe iliyokuwa mali ya uwanja ikawa bidhaa ya jukwaa, na mpigaji akalazimika kuikuza ili imfikie aliye mbali.

Abana ba Nasery, kundi la Bunyore lililoongozwa na Shem Tube pamoja na Justo Osala na Enos Okola, nalo lilipitia hali inayokaribiana na hiyo. Rekodi zao za zamani zilikusanywa London mwaka 1989, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakarekodi huko pamoja na wanamuziki wa Ulaya. Chupa ya Fanta, ambayo nyumbani ilikuwa ala kama ala nyingine, huko ugenini ilikuwa na hatari ya kutazamwa kama kioja. Kinachopendeza ni kuwa mdundo haukugeuka ili uendane na mshangao. Chupa iliendelea na kazi yake ya chuma.

Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Uamuzi huo ulitokana na kudhoofika kwa urithishaji: wazee wajuzi wanakufa, ala ni ghali, watunzi hukimbilia aina zenye malipo, na hadhira huchagua burudani nyingine. Nyimbo za Mukabi nazo zilikuwa zimebaki zaidi katika sahani chakavu, na katika mikono ya wachache waliojifunza mtindo huo, akiwemo mwanawe Johnstone Ouko Mukabi, hadi mkusanyiko wa Furaha Wenye Gita ulipotolewa Marekani mwaka 2017. Miaka 54 ilikuwa imepita tangu kifo cha mwimbaji huyo mwaka 1963, mwaka wa Uhuru wa Kenya. Si fahari kwa wasomi wa nyumbani kuwa santuri hizo zilikusanywa na wageni.

Kudhoofika huko kunaipa mada hii uzito usio wa kinadharia tu. Iwapo umahiri utahesabiwa kuwa sarakasi, mwanafunzi ataelezwa kuwa amepoteza maneno machache tu mpigaji anapokufa, na maneno hayo yapo karatasini. Iwapo utahesabiwa kuwa sehemu ya usemi, basi kila mpigaji anapokufa bila mrithi, maandishi yaliyobaki hupoteza nusu ya maana yake.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa lawama ya sarakasi huchanganya mambo mawili: wingi wa ufundi na uelekeo wake. Tarumbeta ya Merle Evans na kiti cha Grock vinathibitisha kuwa hata ndani ya sarakasi yenyewe umahiri mkubwa uliweza kujinyima sifa kwa ajili ya kazi au kwa ajili ya kicheko. Gitaa la Kisa linathibitisha zaidi ya hapo. Linaonyesha kuwa ufundi unaoonekana kama majivuno ya mtu mmoja unaweza kuwa mabaki ya jamii nzima iliyokosa nafasi ya kukusanyika, ngoma tatu zikiwa zimesongamana katika mkono mmoja.

Haimaanishi kuwa hakuna mbwembwe tupu. Zipo, katika gitaa kama katika shairi. Zinatambulika pale kidole kinapoendelea kusema wakati mwimbaji ana neno, au kina kinapotimia hali wazo limekwisha kutoroka. Lakini utambuzi huo hauwezi kufanywa na anayesoma maneno peke yake, wala na anayehesabu sauti peke yake.

Kwa hiyo, kazi iliyo mbele ya idara za fasihi ni ya kawaida na ya dharura: nyimbo za gitaa za magharibi mwa Kenya ziandikwe kwa namna inayoonyesha neno na nyuzi kwa pamoja, kukiwa na alama za mahali gitaa linapojibu na mahali linaponyamaza, na wapigaji waliopo waulizwe sababu za kila ukimya. Wapo bado wazee wanaoweza kujibu. Santuri ilihifadhi sauti yao. Haikuhifadhi sababu zao.